SOMO: AGIZO LA MGONJWA, NA ADHABU YA KULIVUNJA

Masomo ya kusoma kwanza: Mwanzo 47:29-31, 2 Samweli 1:1-16, 2 Samweli 19:31-39

Somo letu safari hii limetokana na swali lililoletwa na akina mama wa mtaa wetu hapa Shirimatunda. Waliliuliza kwa maneno machache: mgonjwa akiagiza kwamba hali yake ikizidi asiwekewe mashine, halafu watu wakamwekea, je, sheria ina adhabu gani? Swali ni fupi, lakini jibu lake halikubali kuwa fupi, na nimesikia watu wakijibizana kwa kukisia. Wako wasemao hakuna adhabu yoyote, maana mgonjwa mahututi hana tena sauti. Wako wasemao daktari atafungwa mara moja. Kila upande umepata kidogo na kukosa kidogo.

Yafaa tuanze kwa kutenganisha mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Kuna mgonjwa anayesema, "Msinifanyie jambo hili." Na kuna mgonjwa anayesema, "Niueni nipumzike." Maneno yote mawili hutoka katika kinywa cha mtu aliyechoka, na kwa masikio ya ndugu aliyekaa kando ya kitanda yanafanana sana. Mbele ya sheria, na mbele ya Kanisa, hayafanani hata kidogo.

Tuchukue hilo la pili kwanza. Katika 2 Samweli sura ya 1, Mwamaleki alimjia Daudi akamwambia kwamba Sauli alikuwa ameumia vibaya, naye mwenyewe ndiye aliyeomba auawe, kwa hiyo akammaliza. Labda alitumaini zawadi. Daudi aliamuru auawe. (Msomaji mwangalifu ataona kwamba sura ya 31 ya kitabu kilichotangulia inasimulia kifo cha Sauli namna nyingine, yaani aliuangukia upanga wake mwenyewe. Huenda basi Mwamaleki alidanganya. Lakini alihukumiwa kwa maneno ya kinywa chake.) Kwamba Sauli aliomba, na kwamba hakuwa na tumaini la kupona, hakukumwokoa yule mtu.

Sheria ya Tanzania inakwenda njia hiyo hiyo. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16 ya Sheria zetu, inasema katika kifungu cha 203 kwamba mtu anahesabiwa kuwa amesababisha kifo hata kama marehemu alikuwa na ugonjwa ambao ungemuua kwa vyovyote, almradi yeye amekiharakisha kifo hicho kwa kutenda au kwa kutotenda. Kuua kwa kukusudia ni kifungu cha 196, na adhabu yake katika kifungu cha 197 ni kifo. Kuua bila kukusudia kunaweza kuleta kifungo cha maisha. Naye anayemsaidia au kumshawishi mwingine ajiue, kwa kifungu cha 216, anaweza kufungwa maisha. Ridhaa ya marehemu haimwokoi mtu. Kwa hiyo mtoto anayezidisha dawa kusudi ili mama yake alale asiamke, hata kama mama mwenyewe ndiye aliyembembeleza, yuko katika hatari kubwa kuliko anavyodhani. Agizo la namna hii halina nguvu. Mwenye kulikataa havunji sheria, bali mwenye kulitii ndiye anayeivunja.

Sasa turudi kwenye lile la kwanza, ambalo ndilo akina mama waliuliza. Barzilai Mgileadi alikuwa na miaka 80. Mfalme Daudi alimwalika Yerusalemu akatunzwe huko karibu naye, jambo ambalo leo tungelifananisha na kupelekwa hospitali kubwa kwa gharama ya mtu mwingine. Barzilai akakataa. Alisema kwamba umri wake umekwenda, hana ladha tena ya chakula, naye anataka afie mjini kwake, karibu na kaburi la baba yake na mama yake. Akamtaja Kimhamu aende badala yake. Daudi hakumburuta. Alimbusu, akambariki, naye Barzilai akarudi kwake. Hapo hakuna mtu aliyeua, wala aliyejiua. Kuna mzee aliyekataa kitu chema kilichokuwa kizito kwake, na mwenye mamlaka aliyekubali kukataliwa.

Kanisa letu limelisema hilo waziwazi. Maaskofu wa Kianglikana kutoka duniani kote walipokutana katika Mkutano wa Lambeth mwaka 1998 walitoa azimio kwamba kumuua mgonjwa kwa huruma hakupatani na imani ya Kikristo. Azimio hilo hilo lilisema pia kwamba kuacha, kuondoa au kukataa matibabu yaliyopita kiasi kunaweza kupatana na imani hiyo, ili mtu aruhusiwe kufa kwa heshima. Mkristo basi hana sababu ya kujiona mwasi akisema hataki kupigwa kifua moyo wake ukisimama katika siku za mwisho za saratani.

Je, sheria yetu inamlinda mtu huyu? Lazima niseme wazi kwamba Bunge la Tanzania halijatunga sheria maalumu ya maagizo ya matibabu ya mwisho wa maisha. Kwa hiyo hakuna kifungu chenye kusema, "Atakayevunja agizo la mgonjwa atafungwa miaka kadha." Anayekuambia kipo, mwambie akuonyeshe. Lakini kukosekana kwa kifungu si sawa na kukosekana kwa haki. Katiba ya mwaka 1977, katika ibara ya 16, inampa kila mtu heshima na hifadhi ya nafsi yake. Tena tulirithi kutoka Uingereza, kwa tarehe inayotajwa katika sheria zetu hadi leo, yaani 22 Julai 1920, ile kawaida ya mahakama zao isemayo kwamba kumgusa mtu mwenye akili timamu bila ridhaa yake ni kumdhulumu, hata kama anayemgusa ni daktari na nia yake ni njema. Dhuluma hiyo hudaiwa fidia katika mahakama ya madai.

Kesi ya jinai juu ya jambo hili ni ngumu zaidi, maana Kanuni ya Adhabu inamkinga mpasuaji aliyefanya upasuaji kwa nia njema, kwa uangalifu na kwa faida ya mgonjwa. Njia ya tatu ni ya kitaaluma. Baraza la Madaktari Tanganyika, kwa sheria ya mwaka 2017, na Baraza la Uuguzi na Ukunga, kwa sheria ya mwaka 2010, yanaweza kupokea malalamiko na kumwadhibu mwenye kosa, hata kumwondoa katika orodha ya wenye ruhusa ya kutibu. Kwa mtu aliyesoma miaka mingi ili apate ruhusa hiyo, adhabu hii si ndogo.

Ili tuone madai ya fidia yanavyokwenda, tutazame nchi mbili ambazo zimeshapitia jambo hili. Mwaka 1979 huko Ontario, Kanada, mwanamke mmoja aliletwa hospitali akiwa hajitambui baada ya ajali ya gari. Ndani ya mkoba wake wauguzi walikuta kadi iliyotiwa sahihi, isemayo kwamba yeye ni Shahidi wa Yehova na asitiwe damu kwa hali yoyote. Daktari aliiona kadi, akaamua kumtia damu, na mwanamke akapona. Baadaye alimshtaki. Mahakama ilikubali kwamba daktari alitibu kwa ustadi na kwa nia ya kuokoa maisha, lakini ikamwamuru alipe dola 20,000, na Mahakama ya Rufani ya Ontario ikaithibitisha hukumu hiyo mwaka 1990. Tuisome kesi hii polepole. Mwanamke hakupata hasara ya mwili, alikuwa hai. Aliyelipwa ni yule ambaye neno lake lilipuuzwa. Nami nashangaa kidogo kwamba majirani zetu Mashahidi wa Yehova, ambao hatukubaliani nao katika mafundisho mengi, wametushinda kwa kuweka karatasi zao sawa.

Kesi ya pili ni ya Uingereza. Bibi mmoja aliandika hati kwamba akipoteza uwezo wake asirefushiwe maisha. Alipatwa na kiharusi mwaka 2012. Hati yake ilipotelea katika rundo la karatasi za faili lake, naye akalishwa kwa mpira kwa muda wa miezi 22. Alifariki mwaka 2014, baada ya hati kupatikana na kufuatwa. Mwaka 2017 hospitali iliilipa familia yake pauni 45,000. Hakuna aliyefungwa. Hata huko kwenye sheria kamili ya jambo hili, iliyotungwa mwaka 2005, daktari hahesabiwi kuwa na hatia kwa kuendelea kutibu kama hakujua kwamba agizo halali lipo.

Hapo ndipo penye kiini cha jibu letu. Adhabu hufuata ujuzi. Agizo ambalo halikumfikia mtibabu halimfungi. Na ile sheria ya Uingereza inadai kwamba agizo la kukataa matibabu ya kuokoa uhai liandikwe, litiwe sahihi mbele ya shahidi, na liseme wazi kwamba mwenyewe anakataa hata kama uhai wake uko hatarini. Kwa upande wa Marekani, California ilitunga sheria ya kwanza ya namna hii mwaka 1976, na leo sheria ya huko ina meno pande mbili: anayepuuza agizo kwa makusudi hulipa, na anayeghushi au kuficha karatasi ili mgonjwa afe mapema anaweza kushtakiwa kwa mauaji.

Jirani zetu Wakenya wametutangulia hatua moja. Sheria yao ya Afya ya mwaka 2017 inataka ridhaa ya mgonjwa, na inamruhusu ateue mtu wa kumsemea asipoweza kusema. Panapokuwa na hatari kwamba kuchelewa kutamuua, sheria inaruhusu atibiwe bila ridhaa kama hakuwa ameikataa huduma hiyo kwa neno, kwa ishara au kwa mwenendo wake. Yaani kukataa kwake kwa zamani kunaendelea kusema. Lakini sheria hiyo hiyo inaitoza faini isiyozidi shilingi milioni 3 za Kenya hospitali inayonyima matibabu ya dharura wakati ina uwezo wa kuyatoa. Mtunga sheria aliona hatari zote mbili: mtu kutibiwa asivyotaka, na mtu kuachwa kwa kisingizio kwamba hakutaka.

Na hapa kwetu hatari hii ya pili haikosekani. Tuseme ukweli. Katika nyumba zetu mara nyingi mwenye kuvunja agizo la mzee si daktari. Ni mtoto aliye mbali, aliyekaa miaka bila kuja, ambaye sasa anapiga simu kutoka Dar es Salaam na kuamuru mama ahamishwe, apelekwe huku na huku, na kipande cha shamba kiuzwe, ili asije akaambiwa kwamba hakumpenda mama yake. Mzee aliyesema anataka kulala kitandani kwake chini ya migomba anafia garini. Upande wa pili yuko mtoto aliyechoka na gharama, anayemwambia daktari, "Mama alisema tumwache," na hakuna mtu mwingine aliyesikia maneno hayo. Huyo naye ajue kwamba Kanuni ya Adhabu inamtwika wajibu kila mwenye kumtunza mgonjwa asiyejiweza kumpatia mahitaji ya uhai, na madhara yatokanayo na kutompatia huhesabiwa kuwa yameletwa na yeye. Kama agizo ni la uongo, au haliwezi kuthibitishwa, yeye ndiye atakayeulizwa. Wala si ajabu daktari akisita kuacha tiba kwa neno la mtoto mmoja tu, akikumbuka lile neno "kutotenda" katika kifungu cha 203.

Wengine watasema, "Mimi nimeshaandika wosia, nimeshamaliza." Hapana. Wosia huanza kufanya kazi mwenyewe akishafariki. Hufunguliwa baada ya mazishi, ukoo ukiwa umekaa kikao, na kazi yake ni kugawa mali. Ukiandika katika wosia kwamba hutaki mashine ya kupumulia, utasomwa wakati mashine imeshafanya kazi yake na imeshaondolewa. Hali kadhalika hati ya uwakili ya kawaida, ile ambayo mtu humpa mwanawe ili amchukulie pensheni au amsimamie kesi ya kiwanja: kwa Sheria yetu ya Mikataba, uwakili hukoma aliyeutoa akipoteza akili. Basi hati hiyo hufa siku ile ile unapoihitaji. Mafundisho haya mawili ningependa yakaririwe kama majedwali ya kuzidisha, maana watu wengi wenye elimu nzuri wanayakosa.

Na tusidhani kwamba neno la mdomo linatosha kwa sababu sisi ni watu wa kuheshimu usia wa wazee. Wakenya walijifunza jambo hili kwa uchungu. Wakili S. M. Otieno alifariki Desemba 1986. Mjane wake aliiambia mahakama kwamba marehemu alitaka azikwe kwenye shamba lake karibu na Nairobi. Ukoo wake ukasema mila inamtaka azikwe kwao Nyalgunga. Mwili ulikaa miezi mitano bila kuzikwa, na Mahakama ya Rufani ikaupa ukoo haki hiyo Mei 1987. Kesi ile ilihusu mazishi, wala haikuhusu matibabu, lakini inaonyesha jinsi neno la mtu linavyopata shida pale ambapo wengine wana nguvu ya kusema baada yake.

Linganisheni na Yakobo. Alipoona siku zake zimekaribia, hakunong'ona kwa kila mtoto neno lake. Alimwita Yusufu, aliyekuwa na uwezo wa kulitekeleza jambo, akamwapisha asimzike Misri (Mwanzo 47). Baadaye akalirudia agizo lile lile mbele ya wana wote (49:29-32), akitaja pango, shamba na jina la aliyeliuza. Na wakati ulipofika, Yusufu hakuondoka tu. Alikwenda kuomba ruhusa kwa Farao (50:4-6). Mtu mmoja aliyeteuliwa, mashahidi wa nyumba nzima, maneno yasiyo na utata, na wakuu wamejulishwa. Mwanasheria wa leo asingemshauri zaidi.

Kwa hiyo mwenye kutaka agizo lake liheshimiwe afanye hivi. Aandike angali na akili timamu, kwa lugha anayoisema, na aweke tarehe. Asiandike "msinisumbue", maana hakuna anayejua maana yake; aseme kama anakataa mashine ya kupumulia, au kufufuliwa moyo ukisimama, au kusafishwa figo, au kulishwa kwa mpira, na katika hali gani. Aseme pia anachotaka: dawa ya maumivu, kugeuzwa kitandani, kuoshwa, kuletewa Ushirika Mtakatifu. Amtaje mtu mmoja wa kumsemea. Mashahidi wawe wawili au zaidi, na ni vizuri mmoja awe si ndugu, asiye na chochote cha kurithi. Kisha nakala ikabidhiwe daktari anayemtibu, iwe KCMC, Mawenzi au zahanati, ili iwekwe mbele katika faili. Nyingine akae nayo yule aliyetajwa. Na watoto wote waambiwe, hasa yule wa mbali. Akibadili nia, hata kwa mdomo, hata siku ya mwisho kabisa, neno lake jipya ndilo agizo.

Waanglikana hatupaswi kuliona jambo hili kuwa geni. Kitabu cha Sala cha mwaka 1662, katika utaratibu wa kuwatembelea wagonjwa, kinamwelekeza kasisi amkumbushe mgonjwa kuandika wosia, kutaja madeni anayodai na anayodaiwa, tena kinasema watu wakumbushwe mara kwa mara kupanga mambo yao wangali wazima. Kasisi anayesema habari hizi mapema haleti mkosi nyumbani, anafuata kitabu.

Neno moja bado, kuhusu maumivu, maana wengi wanaosema "niueni" wanalilia maumivu yaondoke. Mwanglikana mwenzetu Cicely Saunders alifungua hospisi ya Mtakatifu Christopher huko London mwaka 1967, akaonyesha kwamba mofini ikitolewa kwa saa na kwa kipimo, mgonjwa anaweza kuongea na watu wake hadi mwisho. Uganda ilianza kazi hiyo mwaka 1993 kwa mofini ya kunywa. Kwetu, Taasisi ya Saratani ya Ocean Road hutoa dawa hiyo, na hospitali ya Kianglikana ya Mtakatifu Augustino huko Muheza, iliyozoeleka kwa jina la Teule, ilianzisha huduma ya hospisi mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kutoa mofini kwa kipimo cha kuondoa maumivu si kuua. Ndugu asiogope kuiomba, wala mgonjwa asidhani kwamba aliyekataa mashine amekataa na dawa.

Maswali ya kuzungumza nyumbani na katika vikundi: Sauli na Barzilai wote walimwomba mtu jambo, kwa nini ombi la mmoja lilimletea aliyelitii adhabu, na la mwingine likapewa baraka? Kama Yakobo angemwambia Benyamini peke yake, mambo yangekwendaje? Na katika nyumba yako, mama au baba akishindwa kusema kesho asubuhi, daktari atamwuliza nani, na huyo atajibu kwa kutumia karatasi gani?